Kabla ya Kuandika "Imethibitika"

Kila mara wanachuo warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, ripoti zao huwa na neno moja linalopendwa mno: imethibitika. Mmoja ametumia kadi za maneno katika darasa la pili kwa majuma matatu, alama zimepanda, naye huandika kuwa imethibitika kwamba kadi za maneno huinua usomaji. Mwingine ameona kuwa watoto wa wafugaji hushindwa hesabu, naye huandika kuwa imethibitika kwamba watoto hao ni wazito wa kuelewa. Maoni yangu ni kwamba neno hilo halina budi kulipiwa kwa muundo wa utafiti. Lisipolipiwa, anayelipa ni mtoto.

Tuanze na utafiti usio wa kijaribio. Hapa mtafiti habadili kitu. Hutazama mambo yalivyo, akayapima na kuyalinganisha. Tuseme mwanachuo katika shule ya Endagikot awapime kusoma watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani na wale wanaozungumza Kiiraqw tu, akakuta kundi la kwanza limetangulia. Hilo ni jambo la kweli na lafaa kuandikwa. Lakini je, ni Kiiraqw kilichowachelewesha wale wengine? Yamkini watoto wa kundi la kwanza wanakaa karibu na shule, wazazi wao wana mshahara, nyumbani kuna taa na kitabu, wala hawana zamu ya kuchunga. Mambo hayo yote yamefungwa katika mzigo mmoja, na kutazama tu hakuwezi kuufungua. Mwalimu asiyelijua hilo huipa lugha ya mtoto lawama isiyo yake, kisha humkalisha mtoto huyo nyuma ya darasa na kuacha kumwuliza maswali.

Hata wataalamu huweza kupotoshwa namna hiyo. Mwaka 2004 Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu bangokitita katika shule za msingi za Kenya magharibi. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, ilionekana kuwa bangokitita huinua alama za wanafunzi kwa kiasi kikubwa. Kisha zikachukuliwa shule 178, nusu yake zikapewa bangokitita kwa utaratibu usiotegemea bidii ya mwalimu mkuu wala uwezo wa wazazi. Safari hii alama za makundi hayo mawili hazikutofautiana. Inaelekea kwamba shule zilizokuwa na zana hizo tangu awali zilikuwa na mengi mengine mema, na bangokitita likapewa sifa za hayo yote. Sisi tunaofundisha utengenezaji wa zana tuukumbuke mfano huu.

Daraja la kati ni utafiti wa nusu-jaribio. Mwalimu hubadili kitu, lakini hawezi kuwagawa watoto kwa kura. Huyachukua makundi kama alivyoyakuta. Mikondo miwili ya darasa moja ni mfano ulio karibu nasi. Mkondo A hutumia kadi za maneno, mkondo B huendelea na njia ya kawaida, na yote miwili hupimwa kabla na baada. Yule mwanachuo wa kadi za maneno hakuwa na mkondo wa kulinganisha, kwa hiyo hakuweza kujua kama alama zilipanda kwa sababu ya kadi, au kwa sababu mvua zilikatika na mahudhurio yakawa mema, au kwa sababu watoto wamekua kwa majuma matatu. Mkondo B ndio unaojibu swali hili: isingefanyika hivyo, ingekuwaje?

Muundo huu umewahi kutumika kwa nchi nzima. John Knight na Richard Sabot, katika kitabu chao cha mwaka 1990, walilinganisha wafanyakazi wa Nairobi na wa Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa imepanua elimu ya sekondari haraka kuliko Tanzania. Serikali mbili, kwa siasa zao tofauti, zilikuwa zimewapatia watafiti makundi ya kulinganisha. Hata hivyo nchi mbili, kama mikondo miwili, hazifanani kwa kila jambo, na nusu-jaribio hubaki nusu.

Daraja la tatu ni jaribio la vipengele vingi, nalo hujibu swali ambalo walimu huliuliza mara chache: mambo mawili yakiungana, hutokea nini? Mfano bora tunao nchini. Katika miaka ya 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulifanyika katika shule 350 za wilaya 10, Kondoa ikiwa mojawapo. Kwa kura, shule 70 zilipewa fedha za uendeshaji, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule 70 ziliahidiwa bakshishi kwa walimu kwa kila mtoto atakayefaulu. Shule 70 zilipata yote mawili. Na 140 zilibaki kama zilivyokuwa. Fedha za uendeshaji peke yake hazikuinua alama. Bakshishi peke yake ilileta matokeo ya kuyumbayumba. Yote mawili kwa pamoja yaliinua alama waziwazi, kupita jumla ya kila moja likiwa peke yake. Aliyejaribu jambo moja moja angesema yote mawili hayafai kitu, naye angekosea.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya chuo kikuu, na kwamba mwalimu mwenye watoto themanini hana nafasi nayo. Mimi naona kinyume. Hakuna anayemtaka mwalimu huyo aendeshe utafiti wa shule 350. Anachotakiwa ni daftari, jaribio fupi la kabla na la baada, na mkondo wa pili wa kulinganisha. Akiwa na zana chache zisizowatosha watoto wote, awape nusu yao kwa kura ya vikaratasi, kisha zamu igeuzwe. Haki itatendeka, na ujuzi utapatikana. Darasa moja haliwezi kuisemea nchi, lakini linaweza kumsemea mwalimu wake.

Napendekeza basi kwamba kila ripoti ya mwanachuo ianze kwa kutaja muundo wake wazi: je, nimetazama tu, nimelinganisha makundi niliyoyakuta, au nimegawa kwa kura? Aliyetazama tu aandike "vinaandamana". Aliyelinganisha mikondo aandike "inaelekea". Na yule anayetaka kuandika kwamba watoto fulani hawawezi, ajiulize kwanza ni kitu gani alichokibadili ili kulijua hilo. Kama hakubadili chochote, bado hajawajua watoto hao, na kazi yake ya kuwafundisha ingali mbele yake.