Uhai wa Jukwaani: Vyama vya Siasa na Suala la Uavyaji Mimba

Kiswahili hakikosi vitenzi vya jambo hili. Mimba huharibika, hutoka, hutolewa na huavywa. Inapoharibika hakuna wa kulaumiwa; inapotolewa, mtoaji hatajwi; inapoavywa, sheria huanza kuuliza maswali. Hata hivyo, katika ploti za Kawangware na Kibera ni nadra kusikia hata kimoja kati ya vitenzi hivi mchana. Husemwa tu kwamba binti wa fulani anaumwa na tumbo. Jukwaani hali ni tofauti kabisa: huko mwanasiasa anayetaka kura za waumini hutumia kitenzi kimoja tu, nacho ni kuua. Swali ninalokusudia kulidadisi katika makala haya ni hili: je, wanaosema hivyo jukwaani huutekeleza msimamo wao wakishapewa mamlaka?

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Wakenya walipopiga kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010. Kijani ilikuwa rangi ya Ndiyo, nyekundu rangi ya La. Viongozi wengi wa makanisa walisimama upande wa La, na miongoni mwa sababu zao kuu ilikuwa Kifungu cha 26. Kifungu hicho kinasema kuwa uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha kinaeleza kuwa uavyaji mimba hauruhusiwi ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kinara wa La alikuwa William Ruto, wakati huo waziri na mwanachama wa ODM. Kiongozi wa chama chake, Raila Odinga, alikuwa upande wa Ndiyo pamoja na Rais Mwai Kibaki. Ndiyo ilishinda kwa zaidi ya thuluthi mbili ya kura.

Hapa pana funzo la kwanza. Chama kimoja kilikuwa na kinara wa La na kinara wa Ndiyo kwa wakati mmoja. Msimamo ulikuwa wa mtu na wa msimu, wala haukuwa wa chama. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta, aliyepigia debe Ndiyo, na Ruto wa La waliingia Ikulu pamoja chini ya mwavuli wa Jubilee. Kijani na nyekundu zilichanganyika, na asiwepo wa kutuuliza tena kuhusu Kifungu cha 26.

Haki itendeke: kuna jambo lililofanywa. Mnamo Desemba 2013 Wizara ya Afya iliondoa mwongozo wa mwaka 2012 uliowaelekeza wahudumu namna ya kupunguza vifo na madhara ya uavyaji usio salama. Februari 2014 wahudumu walikatazwa kuhudhuria mafunzo kuhusu uavyaji salama. Lakini tazama ni jambo la aina gani. Halikuhitaji kura bungeni, bajeti wala kura ya maamuzi, barua ilitosha. Katiba ilibaki vilevile, ila muuguzi aliyepaswa kuitekeleza akanyang'anywa maelekezo. Chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, kilikwenda mahakamani, na kesi hiyo ikabeba kisa cha binti tunayemjua kwa herufi za JMM tu, aliyebakwa akiwa mtoto, akadhurika kutokana na uavyaji usio salama na kufariki mwaka 2018 kabla ya hukumu. Juni 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo huo kulikiuka sheria.

Yaliyohitaji gharama hayakufanywa. Mswada wa BBI wa mwaka 2020 ulilenga kubadilisha sehemu nyingi za Katiba, hasa zile za vyeo na mgao wa madaraka. Kifungu cha 26 haukukigusa. Ikiwa kweli kifungu hicho kilikuwa mlango wa mauaji, mbona mafundi walipokuja na misumari hakuna aliyewaonyesha mlango huo?

Upande wa Ndiyo nao usicheke, maana nyani haoni kundule. Walituambia kuwa Katiba mpya ingemwokoa mama aliye hatarini, lakini vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka kwa mkoloni, viliachwa vilevile miaka mingi baada ya 2010. Mwanamke anayejiavya mimba anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 7 na anayemwavya hadi miaka 14. Miswada ya afya ya uzazi ya Seneta Judith Sijeny mwaka 2014 na ya Seneta Susan Kihika mwaka 2019 haikufika kuwa sheria. Novemba 2019 serikali ilikaribisha Nairobi mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu idadi ya watu na afya ya uzazi. Oktoba 2020 serikali hiyohiyo ikatia sahihi Azimio la Geneva linalosema hakuna haki ya kimataifa ya uavyaji mimba. Kila mgeni alipewa jibu alilopenda kulisikia.

Matokeo tunayaona katika takwimu. Utafiti wa Wizara ya Afya na washirika wake ulikadiria kuwa mimba 464,690 ziliavywa nchini mwaka 2012. Makadirio ya mwaka 2023 yalikaribia 793,000. Msimamo unaotekelezwa hauzai hesabu kama hii.

Mwaka 2017 nilikuwa nikiishi katika ploti moja Kawangware. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na magari ya vipaza sauti hayakutupa usingizi. Wauguzi wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo ulioanza Juni na kuendelea hadi Novemba. Usiku mmoja jirani yetu, msichana wa kidato cha tatu, alibebwa kwa bodaboda akivuja damu. Zahanati ya kwanza ilikuwa imefungwa. Ya pili, ya kibinafsi, ilidai pesa kwanza, nasi tukachanga mlangoni. Alipona, lakini hakurudi shuleni. Asubuhi iliyofuata majirani walisema aliumwa na tumbo, na gari la kampeni likapita likituimbia.

Baadaye, nikikusanya semi za wanawake Laini Saba, Kibera, nilimweleza mama mmoja kisa hicho. Hakuniuliza kama msichana alitenda dhambi. Aliniuliza kama zahanati ile ilipata kufunguliwa.

Mimi nimelelewa kanisani, na sipendi kuliona suala hili kama jepesi. Najua pia wapo watakaosema kuwa hili ni jambo la dhamiri, na kwamba vyama vinafanya busara kulinyamazia. Ningekubali, lau vyama vingelinyamazia pia wakati wa kuomba kura. Anayelipeleka jambo jukwaani amelitoa katika dhamiri na kulifanya ahadi, na ahadi ni deni.

Basi deni lilipwe. Chama kinachosema uhai huanza mimba inapotungwa kionyeshe katika ilani yake kitamtendea nini mwenye mimba hiyo: zahanati iliyo wazi usiku, dawa za kupanga uzazi zisizokatika, nafasi ya msichana kurudi darasani. Uzazi bila malipo uliotangazwa Juni 2013 ulithibitisha kwamba serikali ikitaka kumlinda mama kwa pesa, inaweza. Na chama kinachotetea Kifungu cha 26(4) kilete bungeni sheria inayokiwezesha kufanya kazi.

Nasi wa Kiswahili tusijitenge. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, wengi walikasirikia kitabu badala ya kuyakasirikia yaliyomo. Tuulizeni kwa lugha ambayo mama wa Laini Saba anaielewa. Mwanasiasa ajaye akisimama kutamka neno uhai, swali letu liwe lile la mama huyo: zahanati imefunguliwa?