LEVELI YA 50 YA KUBEBWA MBELEKO: HUYO NI SHUJAA AU MZIGO?

Kuna aina ya mchezaji ambaye akiingia kwenye timu ya City of Heroes anajulikana ndani ya dakika tano. Jina linahifadhiwa, maana wako wengi. Ukimcheki unakuta leveli ya 50, mavazi yanang'aa, joho linapepea mgongoni kama la Superman. Ni Tanker, yaani kazi yake ni kutangulia mbele, kuvuta maadui wote wampige yeye, wenzake wapate nafasi ya kushambulia. Sasa timu imeingia, maadui wamejaa chumba kizima, yeye kasimama nyuma kabisa anauliza: "Hivi hii nguvu ya tatu inafanyaga nini?"

Kha! Leveli ya 50 jamani.

Jibu liko wazi: alibebwa. Hakupanda hata ngazi moja kwa miguu yake.

Kwa wasioijua, City of Heroes ni gemu la mtandaoni la mashujaa wenye nguvu za ajabu. Lilitengenezwa na Cryptic Studios ya Marekani, likatolewa na NCsoft ya Korea Kusini Aprili 2004. Unamuumba shujaa wako mwenyewe, unamvisha unavyotaka, unaingia naye Paragon City kupiga wahuni na watu wanane kwenye timu moja. Mwanzoni kikomo kilikuwa leveli ya 40, mwaka huohuo kikapandishwa hadi 50.

Na kupanda kwenyewe ni shule. Unaanza na nguvu mbili tu, basi. Ukifika leveli ya 2 unachagua nyingine, ya 4 nyingine, hivyohivyo namba shufwa mpaka ya 32, na zile za witiri unapewa nafasi za kuimarisha nguvu ulizonazo. Kwa nini wasimpe mtu zote siku ya kwanza? Kwa sababu binadamu hawezi kujifunza vitufe ishirini kwa mkupuo. Unapata kimoja, unakizoea, unapigwa, unaelewa ulikosea wapi, ndo unapewa kingine. Anayefika 50 kwa njia hiyo hahitaji kuuliza nguvu ya tatu inafanya nini. Ilishamwokoa mara mia.

Halafu kulikuwa na mateso yenye maana. Zamani uwezo wa kuruka angani au kukimbia kasi ya ajabu ulikuwa haupatikani mpaka leveli ya 14. Kabla ya hapo ni miguu! Kuna eneo linaitwa The Hollows, waliolivuka kwa miguu enzi hizo bado wanalisimulia, maana ulikuwa unatumwa upande wa pili wa eneo huku njia nzima imejaa maadui wakubwa kuliko wewe. Ukifa unapewa deni, na kila pointi unazopata baadaye nusu inakatwa kulipia. Inauma. Lakini siku mtu anafika 14 na miguu inaachia ardhi kwa mara ya kwanza, anazunguka juu ya mji bila hata sababu. Aliyebebwa anajua raha hiyo? Atajulia wapi, wakati alivuka 14 amekaa mlangoni anaangalia simu.

Na lile joho sasa. Hadithi ya gemu inasema shujaa mkubwa aliyeitwa Hero 1 alikwenda na kikosi chake kuzuia uvamizi wa viumbe wa Rikti na hawakurudi. Mashujaa wengine wakavua majoho kwa kuomboleza. Ndiyo maana shujaa mpya alikuwa havai joho mpaka afike leveli ya 20 na kufanya misheni maalumu ya kulistahili. Mtu amelivaa kwa kubebwa, hajui hata ni msiba wa nani.

Wabebwaji wana utetezi wao, na wa kwanza ni huu: "Gemu lenyewe linaruhusu kusaidiana." Kweli kabisa, na ndo uzuri wake. Tangu mwanzo kulikuwa na mfumo wa Sidekick: mkubwa anamchukua mdogo, mdogo anapandishwa nguvu mpaka karibu na leveli ya mkubwa kwa muda, wanapigana pamoja. Na mkubwa aliweza kushushwa akapigane na wadogo. Lakini soma vizuri: wanapigana PAMOJA. Mdogo yuko vitani, anarusha anachoweza, anakufa, anaamshwa, anajifunza. Huko ni kusaidiwa. Kubebwa ni kusimama mlangoni kama mlinzi wa duka huku mwingine anaua mia mbili ndani na pointi zinakudondokea wewe. Ni sawa na mtu aliyefanyiwa mtihani na mwenzake. Cheti kina jina lake, siku ya kazi kichwa hakina kitu.

Mambo yaliharibika zaidi Aprili 2009, ulipoletwa mfumo wa Mission Architect, ambapo mchezaji aliweza kutunga misheni yake na kuchagua maadui wake. Wazo zuri mno! Watu wenye vipaji wakatunga hadithi kali kuliko hata za wenye gemu. Lakini wajanja wakaona mwanya: wakatunga vyumba vya kuvunia, maadui wamepangwa kama mahindi, wale wanaotoa pointi nyingi kwa kupigwa kidogo. Wenye gemu walipoona hali imezidi wakaziba mianya na kuonya kwamba wanaopitiliza wanaweza kunyang'anywa walichovuna au hata mashujaa wenyewe. Huku nje, pale Atlas Park ambapo mashujaa wapya huanzia, wakapatikana watu wa leveli ya 50 wanaouliza wanatokaje kwenye eneo hilo. Treni iko palepale!

Utetezi wa pili: "Kila mtu na gemu lake, inakuhusu nini?" Inawahusu watu saba. Timu ni watu wanane. Tanker asiyejua kuvuta maadui anawaua saba. Defender asiyejua amlinde nani anawaua saba. Watu wametoka kazini, wana saa moja ya kucheza, inaisha wamelala chini kwa sababu namba iliyoandikwa kwa mtu ni ya uongo. Ile 50 ni ahadi kwa wenzako, siyo pambo la wasifu. Na wapya wa kweli nao wanaumia, maana kila anayekwenda kuvuna ni mtu mmoja amepungua mtaani wa kupanda naye. Mgeni anaingia anatafuta timu ya leveli ya 6, anajibiwa njoo tukubebe. Jioni yake ya kwanza anaimaliza mlangoni.

Eti wengine hawana muda, wana kazi na watoto. Sawa, panda polepole, nani anakufukuza? Leveli ya 22 inayojua kazi yake inakaribishwa kwenye timu yoyote ya saizi yake.

Ila wabebwaji wasilaumiwe peke yao. Kuna wabebaji, na hawa ndo wabaya zaidi kwa sababu wao gemu wanalijua. Mwingine anabeba kwa malipo, mwingine kwa sifa tu, aonekane bosi mwenye wafuasi wanaosubiri mlangoni. Na kampuni nazo zimeonja. Mwaka 2014 World of Warcraft ilianza kuuza leveli ya 90 moja kwa moja dukani kwake, dola 60. Yaani unauziwa gemu, halafu unauziwa ruhusa ya kutolicheza.

City of Heroes ilifungwa Novemba 30, 2012, na 50 zote zikafutika siku moja, za jasho na za mbeleko. Wiki kadhaa kabla, wachezaji walikusanyika Atlas Park na mienge mkononi kupinga. Mwaka 2019 seva za mashabiki zikaibuka hadharani, na Januari 2024 NCsoft ikaipa rasmi leseni seva ya Homecoming. Waliorudi walikuta mashujaa wao wa zamani hawapo, ikabidi kuanza leveli ya 1 na nguvu mbili. Wale waliopanda kwa miguu walikuwa bado wanakumbuka kila kitufe. Wengine wakaandika kwenye chati swali lao lilelile: nani anabeba leo?