MKONO WA BANDIA USILISAHAU BEGA

Mtu aliyekatwa mkono juu ya kiwiko amepoteza kiwiko, kifundo na vidole kwa pigo moja, na kila kimoja kati ya hivyo chataka amri yake. Hapo ndipo mikono ya bandia ya umeme inapowatoa jasho wataalamu.

Msuli unapokazwa hutoa umeme hafifu, unaopimwa kwa sehemu za elfu za volti. Vipokezi vinavyogusa ngozi huunasa, mota ikafunga au kufungua kiganja. Mkono wa Kisovieti wa Kobrinski, uliotangazwa mwaka 1960, ulitumia njia hiyo, na ilistahili sifa. Lakini umeme wa msuli hupeleka amri tu, haurudishi habari. Mwenyewe hana budi kuukodolea macho mkono wake ili ajue umefika wapi.

Bega halina upofu huo. Huko Edinburgh, David Simpson aliwatengenezea mikono ya kuendeshwa kwa gesi watoto walioathiriwa na dawa ya thalidomidi kabla ya kuzaliwa. Aliufungamanisha mwendo wa mkono na mwendo wa bega: bega likisogea, mkono husogea kwa kadiri ile ile, mkono ukizuiliwa, na bega huzuilika. Hivyo mtoto aliweza kujua mkono ulipo bila kuutazama.

Kwa maoni yetu, hakuna haja ya kuzigombanisha njia hizi mbili. Bega na liongoze kiwiko, misuli na iongoze kiganja. Mchanganyiko huo umekwisha kutumika na kufaa. Na mkulima asiye na umeme nyumbani apewe kulabu inayovutwa kwa waya na mkanda wa begani. (Wapo wanaoidharau kulabu kwa sura yake; wengi wao wana mikono miwili.)

Hapa kwetu hatuanzi patupu. Chuo cha TATCOT, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Kwa hiyo tunawataka wanaopanga ununuzi wamwite fundi na mwenye kukatwa mkono kabla ya kutia sahihi, na bei ya kila mkono ihesabiwe pamoja na betri ya akiba, matengenezo, na majuma ya mazoezi. Vipokezi hivyo huyumbishwa na jasho, na mashambani kwetu jasho halikosekani.