Barua ya Maore: Dagaa wa Mama na Akili ya Mtoto

Juma hili sina habari za mpunga wala za tembo wa Mkomazi. Nataka tuzungumze habari ya mafuta. Si mafuta ya taa, bali mafuta yaliwayo, na jinsi yanavyohusika na kichwa cha binadamu: akili yake, moyo wake kuwa mwepesi au mzito, na hata mwenendo wake.

Labda utashangaa kuambiwa kwamba ubongo ni kitu cha mafuta, lakini ndivyo ulivyo. Ukiuondolea maji yote, katika kile kinachobaki nusu na zaidi ni mafuta. Wala si akiba kama yale ya kiunoni mwa mtu mnene. Ndiyo yafanyayo ngozi nyembamba ya kila chembe ya ubongo, na ndiyo yafunikayo nyuzi za fahamu ili habari zipite upesi. Kati ya mafuta hayo liko fungu moja ambalo wataalamu huliita kwa kifupi DHA, la jamii ya omega-3. Mwili hauwezi kulitengeneza vya kutosha. Hapana budi litoke chunguni, na hasa katika samaki. Mboga za majani nazo zina omega-3 kidogo, lakini ya namna nyingine, na mwili huigeuza kuwa DHA kwa shida sana.

Sasa sikieni jambo linalotuhusu sisi wa Upare. Wataalamu wa Groningen, Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walipima damu za akina mama wajawazito, kisha za mama na watoto siku ya kuzaliwa, na tena baada ya miezi mitatu. Walichagua watu wa namna tatu: Wamasai, ambao hawakula samaki hata mara moja kwa juma; Wapare, waliokula mara 2 au 3; na watu wa Sengerema, kandokando ya Ziwa Victoria, waliokula mara 4 au 5. Matokeo yalichapwa mwaka 2012.

Walikuta nini? Kwanza, mtoto aliye tumboni ni mdai mkali. Ikiwa mama anayo DHA kidogo, mtoto huvuta hata damu yake ikawa na fungu kubwa kuliko la mama yake. Pili, miezi mitatu baada ya kujifungua, damu ya akina mama ilionekana kupungukiwa. Na watoto je? Wa Wamasai walikuwa wamepungukiwa, wa Sengerema walikuwa wameongezeka, na wa Wapare walikuwa palepale, kama siku walipozaliwa. Maana yake, zile siku 2 au 3 za samaki ndizo zilizowashikilia watoto wetu wasiteremke. Hatukuwa na ziada ya kuchezea. Mimi naona habari hiyo ni ya kututuliza na ya kututisha pamoja, kwa sababu desturi kama hiyo hupotea nyumba kwa nyumba pasipo mtu kutambua. Bei ya dagaa ikipanda, siku tatu huwa mbili, mbili huwa moja, na hakuna apigaye yowe.

Mtu asichukue hapo neno la kumcheka Mmasai. Kilichopimwa ni damu, si akili, na maziwa yake yana mema mengine mengi.

Habari ya akili yenyewe ilichunguzwa kwingine. Huko Bristol, Uingereza, waliwafuata akina mama zaidi ya 11,000 na watoto wao, wakaandika mwaka 2007 kwamba watoto ambao mama zao walikula samaki pungufu ya gramu 340 kwa juma walipokuwa wajawazito, hao ndio walioangukia zaidi katika kundi la chini walipopimwa akili ya maneno. Gramu 340 ni kama theluthi ya kilo ya samaki. Na karibu yetu, huko Malawi, watoto zaidi ya 2,500 wenye utapiamlo mkali walitibiwa kwa chakula cha karanga. Wengine walipewa kile cha kawaida, wengine kilichotengenezwa upya mafuta yake na kutiwa DHA. Miezi 6 baada ya matibabu, hawa wa DHA waliwapita wenzao kwa maendeleo ya akili na viungo. Hayo yalitangazwa mwaka 2022.

Kuhusu moyo mzito na mwenendo, nitasema kwa kifupi, maana hapo wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 1998 daktari Joseph Hibbeln wa Marekani alionyesha kwamba nchi zilazo samaki wengi, kama Japani, zina wagonjwa wachache wa ile huzuni kali iitwayo sonona. Mwaka 2002 wafungwa vijana 231 wa Kiingereza waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya vitamini, madini na mafuta haya, wengine vidonge bandia. Waliopata vya kweli walivunja sheria za gereza pungufu kwa kama robo. Lakini vitu vilichanganywa, basi nani ajuaye ni kipi kilichotenda kazi? Tena mwaka 2021 yalichapwa matokeo ya majaribio ya miaka mitano hivi walioingizwa Wamarekani zaidi ya 18,000, na vidonge vya mafuta ya samaki havikuwakinga na sonona. Kwa hiyo, atakayekuja gulioni na chupa ya vidonge akisema vinaondoa huzuni, mwache apite na chupa yake.

Turudi jikoni. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa haraka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na miaka miwili ya kwanza. Lakini katika nyumba zetu nyingi, nani hupewa samaki kwanza? Baba. Kisha wavulana wakubwa. Mama mwenye mimba hufuta bakuli la mchuzi kwa tonge la ugali. Akina baba mnaosoma gazeti hili, nawaomba kwa heshima mlitazame bakuli leo jioni. Ijumaa yetu peke yake haitoshi, na wengi wetu Ijumaa tunapika maharage.

Si lazima awe samaki mkubwa. Perege wa Nyumba ya Mungu ni mzuri, na dagaa ni rahisi zaidi. Dagaa huliwa na kichwa chake, na kichwani ndimo zilimo mboni na ubongo wenye DHA yenyewe. Chagua wale wang'aao kama fedha. Waliogeuka rangi ya kahawia na kunuka mafuta yaliyochacha, waache. Osha mchanga kwa maji ya vuguvugu, kisha chemsha na nyanya na kitunguu, au uwaunge kwa nazi ukila na wali. Usiwazamishe katika mafuta ya alizeti. Alizeti si sumu, ila mafuta yake ni ya jamii nyingine, na yakizidi hushindana na omega-3 mwilini. Kwa mtoto aliyeanza kula, watwange wawe unga laini, utie kijiko katika uji. Unga huo uuweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua, nao usikae muda mrefu.