Mitihani Ipime Fikra, Isipime Kumbukumbu Pekee

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Aghalabu methali hii hufundishwa kama pambo la insha, ilhali ndani yake mna somo zima la sayansi. Aliyeinena mara ya kwanza alikuwa ameliangalia anga kwa muda mrefu, akalinganisha aliyoyaona leo na yaliyotokea kesho yake, kisha akatoa uamuzi. Wala hakusema kwamba mawingu ni mvua. Alisema ni dalili yake. Alifahamu fika kwamba dalili huweza kumhadaa mtu, na kwamba si kila wingu linalotanda humwaga maji.

Huko ndiko kufikiri kisayansi. Swali linalopaswa kuulizwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi ni hili: je, mitihani yetu humpima mtoto uwezo huo wa kuangalia, kulinganisha, kushuku na kuamua, ama humpima tu uwezo wa kukumbuka yale yaliyoandikwa ubaoni?

Swali hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mtihani wa KCPE, ambao watoto wetu walikuwa wakiufanya tangu mwaka 1985, ulifikia kikomo mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umetuletea tathmini mpya: KPSEA ya Gredi ya Sita mwaka 2022, na KJSEA ya Gredi ya Tisa mwaka 2025. Serikali, walimu na wazazi wamegharamika si haba kwa ajili ya mageuzi haya. Hata hivyo, kubadili jina la mtihani si kubadili mtihani. Maadamu swali linaloulizwa ni lile lile la zamani, mtoto atajifunza kwa njia ile ile ya zamani.

Tulitazame swali moja ambalo kila mwanafunzi aliyesoma katika nchi hii amepata kuliona: "Taja faida nne za miti." Mwanafunzi hodari hataja jasho. Ataandika kwamba miti huleta mvua, huzuia mmomonyoko wa udongo, hutupa kuni na mbao, na husafisha hewa. Atapata alama zote nne. Lakini mwulize ni kwa njia gani mti huleta mvua, au kwa nini mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi unaweza kulalamikiwa na wanakijiji kwamba umeikausha, utamwona akibabaika. Amefunzwa kwamba miti ni mema matupu. Hakufunzwa kwamba mti ni kiumbe chenye kiu, na kwamba aina ya mti na mahali unapopandwa ni mambo mawili yanayoweza kuugeuza wema kuwa hasara.

Hapana ubaya wowote kujua faida za miti. Ubaya ni kudhani kwamba orodha ni elimu. Orodha haina sababu wala matokeo, na haina shaka. Mtoto anayepimwa kwa orodha mwaka baada ya mwaka huishia kuamini kwamba mazingira ni jambo la kukariri, sawa na majina ya miji mikuu ya dunia.

Tuchukue mfano wa kubuni wa swali la namna nyingine. Shule moja ilipanda miche 400 kando ya mto na miche 400 mlimani. Baada ya miaka miwili, miche 300 ilikuwa hai kando ya mto, na 120 mlimani. Mwanafunzi mmoja akakata shauri kwamba mlima haufai kwa miti. Je, ushahidi huu unatosha? Taja mambo mawili ambayo ungetaka kuyajua kabla ya kumkubalia, kisha eleza jinsi ambavyo ungeyachunguza.

Hapa kumbukumbu pekee haisaidii. Mtahiniwa sharti akokotoe kwanza kwamba asilimia 75 ilinusurika chini na asilimia 30 juu. Kisha sharti ajiulize: miche ilikuwa ya aina moja? Ilipandwa msimu mmoja? Je, mbuzi walifika mlimani na wasifike mtoni? Nani alimwagilia, na wapi? Mtoto ambaye hajapata kuona kitabu cha sayansi chenye picha za rangi, lakini amechunga mbuzi na kupanda miti pamoja na nyanya yake, anaweza kulijibu swali hili vyema kumshinda mwenzake wa mjini aliyekariri kurasa 100.

Swali kama hilo si mchezo wa darasani. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 wananchi walipewa siku nzima ya mapumziko ili wapande miti. Tumezoea kusikia idadi ya miche iliyopandwa. Ni nadra kusikia idadi ya iliyonusurika. Taifa ambalo vijana wake wamezoezwa kuuliza swali hili la pili haliwezi kudanganywa kwa urahisi na takwimu za jukwaani.

Hata hapa nyumbani tunayo mifano ya kutosha ya maumbile kutufumbia mafumbo. Gugumaji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, wavuvi wakakosa riziki na bandari ya Kisumu ikasongwa. Kisha, kufikia mwaka 2000, sehemu kubwa ya zulia hilo la kijani ilikuwa imetoweka. Ni nini kilicholiondoa?

Wako waliosema ni fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugumaji, ambao waliachiliwa upande wa Uganda mwishoni mwa 1995 na upande wa Kenya mapema mwaka 1997. Wako waliosema la, ni mvua za El Niño za 1997 na 1998, ambazo zilileta mawingu yaliyopunguza mwanga wa jua, pamoja na mawimbi yaliyolikatakata gugu hilo. Wanasayansi wenyewe walijibizana juu ya jambo hilo katika majarida yao kwa miaka kadhaa, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake.

Je, kuna swali la mtihani lililo bora kuliko hili? Mpe mwanafunzi tarehe hizo na ramani ya ziwa, halafu umwulize: ukiona kwamba gugumaji lilipungua pia katika nchi nyingine zilizoachilia fukusi bila kupatwa na El Niño, utauunga mkono upande upi? Ukiona kwamba lilipungua wakati mmoja katika ghuba zenye fukusi na zisizo nao, utasemaje? Na je, haiwezekani kwamba sababu zote mbili zilifanya kazi pamoja, mdudu akilidhoofisha gugu na wimbi likalimaliza? Kisha umkumbushe kwamba gugumaji lilirejea kwa nguvu baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, mito kama Nyando na Sondu ilipobeba udongo na mbolea kutoka mashambani. Atang'amua mwenyewe kwamba adui hakuwa gugu peke yake, bali pia virutubishi tunavyovimwaga ziwani kutoka nchi kavu. Ujuzi wa namna hiyo haumtoki mtu siku ya kufunga shule.

Mataifa mengine yameitambua haja hii. Tathmini ya kimataifa ya PISA, ambayo tangu mwaka 2000 imekuwa ikiwapima vijana wa umri wa miaka 15, ilipata kuchapisha swali lenye grafu mbili: moja ya gesi ya kaboni dayoksaidi inayotolewa duniani, nyingine ya wastani wa joto la angahewa. Mtahiniwa aliulizwa ni nini katika grafu hizo kinachounga mkono kauli kwamba joto limepanda kwa sababu ya gesi hiyo. Kisha akatakiwa aonyeshe sehemu ya grafu ambayo haiungi mkono kauli hiyo hiyo. Mwishowe akaombwa ataje jambo jingine liwezalo kuliathiri joto la dunia. Watungaji hawakukusudia kumfanya kijana aikane sayansi ya tabianchi. Walikusudia aijue kwa ushahidi wake, si kwa uvumi. Anayeamini jambo la kweli bila kujua sababu yake atabadilishwa na mpotoshaji wa kwanza atakayekutana naye.

Wala tusidhani kwamba fikra hizi ni za ugenini. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Tanganyika, Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa yake aliyoyatia kwenye friji yangali moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakunyamaza. Baadaye alimwuliza swali lilo hilo Profesa Denis Osborne aliyezuru shule yake, naye Osborne akalijaribu badala ya kulidharau. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala, na hadi leo wanafizikia hubishana kuhusu "athari ya Mpemba". Tujiulize kwa unyofu: katika mtihani wetu wa kawaida, jibu la Mpemba lingepata alama ngapi?

Tunayajua maneno watakayoyasema wapinzani wa rai hii, nayo si ya kupuuzwa. Watasema kwamba maswali ya kufikiri ni magumu kusahihisha, na kwamba msahihishaji mmoja atatoa alama tano pale mwingine atakapotoa mbili. Hilo ni kweli endapo hakuna mwongozo. Lakini swali la miche tulilolitoa laweza kugawiwa waziwazi: alama moja kwa asilimia zote mbili, moja kwa kusema ushahidi hautoshi, mbili kwa mambo mawili yanayofaa kuchunguzwa, na moja kwa njia ya kuyachunguza. Msahihishaji hana haja ya kubahatisha.

Watasema pia kwamba shule nyingi hazina maabara, na kwamba mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 hana nafasi ya kusoma maelezo marefu. Kuhusu maabara, tunajibu kwamba mazingira ndiyo maabara ambayo Mungu hakumnyima mtu. Shule ya Gazi iko karibu na mikoko, ya Baringo iko karibu na ziwa ambalo maji yake yamepanda hadi kumeza nyumba na barabara, na mtoto wa Lamu huzijua pepo za kusi na kaskazi kabla hajajua kusoma. Kuhusu wingi wa wanafunzi, lalamiko ni la haki na mwalimu asibebeshwe mzigo huo peke yake. Yafaa maswali yawe machache. Bora swali moja linalomfikirisha mtoto kwa dakika 20 kuliko maswali 20 yanayomfanya atie alama kwa kubahatisha.

Kwa hiyo tunalisihi Baraza la Mitihani la Kitaifa litenge sehemu maalumu ya karatasi ya sayansi kwa takwimu au kisa ambacho mtahiniwa hajapata kukiona, kitokacho katika mazingira ya nchi hii, na mtahiniwa atakiwe kutaja angalau ushahidi mmoja unaopinga jibu lake mwenyewe. Tunalisihi pia liwapelekee walimu vielelezo vya maswali hayo pamoja na miongozo ya kusahihisha mapema, ili pasiwe na shule itakayoshtukizwa. Kuhusu miradi inayofanyiwa nyumbani, ni siri iliyo wazi kwamba mingi hufanywa na wazazi. Daftari dogo la uchunguzi, ambamo mtoto huandika kila wiki kiasi cha mvua au ndege aliowaona kwenye uwanja wa shule, lina thamani kubwa kuliko kielelezo cha maboksi kilichotengenezwa na baba usiku wa manane.

Kwenu walimu, hamna haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi. Kila mnapotunga jaribio la mwezi, jiulizeni kama kuna swali hata moja ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu kwa kunakili daftari lake. Kama halipo, litungeni. Na mwanafunzi anapouliza swali ambalo nyinyi wenyewe hamna jibu lake, msimkemee. Kuuliza si ujinga, na kusema "twende tukatazame" hakumvunjii mwalimu heshima.

Kwenu wanafunzi, msiridhike na kujua kwamba jambo fulani ni kweli. Tafuteni kujua limejulikanaje. Nyinyi ndio mtakaoamua kama msitu utahifadhiwa au utakatwa, kama kiwanda kitajengwa kando ya mto au mbali nao, na kama maji ya ziwa yanapopanda watu wahamishwe au wangoje. Maamuzi hayo hayatakuja na majibu manne ya kuchagua. Yatakuja na ushahidi nusunusu, kelele za wenye maslahi, na muda mchache. Ikiwa shule haikuwapima katika mambo hayo mngali vijana, maumbile yatawapima mkiwa watu wazima, na maumbile hayana mtihani wa marudio.