Gari la waya si uchafu

Sina ugomvi na gari la rimoti. Ugomvi wangu ni na mzazi wa Kaloleni anayelinunua, kisha analitupa jalalani gari la waya la mwanawe: "Ondoa huo uchafu!"

Hebu utazame huo uchafu. Bodi ni waya, magurudumu yamekatwa kwenye ndala na yamekaa nje ya bodi kama ya Formula 1, usukani ni waya mrefu unaofika kifuani. Likivuta kushoto, mtoto huchukua plaizi (akikosa, meno), hukunja ekseli ya mbele kidogo, hulisukuma, hutazama, hukunja tena. Magurudumu ya mbele yakiangalia ndani kidogo, gari hunyooka. Yakiangalia nje, huingia kona upesi ila huyumba kwenye njia iliyonyooka.

Mwaka 2020 Mercedes walimpa Lewis Hamilton usukani wa kuvuta na kusukuma, abadili jambo hilohilo akiwa mbioni. Watu walishangaa, kufikia msimu wa 2021 ulikuwa umepigwa marufuku. Wahandisi wale tunawaita magwiji. Wa Kaloleni tunamwita mtundu, tena tumemshika sikio.

Hilo la rimoti la bei rahisi halina mengi ya kurekebisha. Likigonga ukuta mara tatu, limekufa. Wanaoshindana kwa magari ya rimoti hubadilisha springi, matairi, hata pembe za magurudumu. Mnunulieni la namna hiyo, nitapiga makofi. Hamwezi? Basi mrudishieni plaizi yake, na ile ndala iliyokatika.