Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Unampikia, unampoza, unamshikia bakuli anywe. Lau wahenga hao wangefufuka leo wakapita kwetu Kenya, wangeshika kichwa. Maana siku hizi Mkenya asiye na mshahara, ili akadiriwe mchango wake wa bima ya afya, huulizwa hivi: Nyumba yako imeezekwa kwa nini? Choo chako ni cha aina gani? Maji unateka wapi? Unafuga mifugo mingapi? Uji wenyewe bado haujabandikwa motoni.

Msinielewe vibaya, wenzangu. Sikuja hapa kuililia NHIF. Hazina ile ilizaliwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, wakati wakubwa wetu walipokuwa wakiapa kupambana na maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Ilizeeka vibaya. Iliandamwa na kashfa juu ya kashfa, ikafa ikiwa imeacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Anayetaka kuivalia nguo nyeusi, shauri yake. Ninaloteta mimi ni namna tulivyohamishwa.

Sheria mpya ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba. Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tunayoiita SHA, ikashika usukani. Haraka ya nini? Mtu akihama nyumba, si hubeba kwanza mtoto na mgonjwa, ndipo arudie viti? Hapa vilitangulia viti. Kila mtu aliambiwa ajiandikishe upya, hata aliyekuwa mwanachama wa NHIF tangu ujana wake. Wiki zile za kwanza magazeti yalijaa habari za wagonjwa wa figo na saratani waliokwama hospitalini kwa kuwa mtambo ulikuwa haujatengemaa. Ati wavumilie, ni mambo ya mwanzo. Figo haijui mambo ya mwanzo.

Haya, tuje kwenye pesa. Kwa mwenye mshahara, hesabu mpya ina haki ndani yake, na tusiwe wachoyo wa kukiri. Anayepokea shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 kwa mwezi. Sasa anakatwa asilimia 2.75, yaani 550. Mwenye 100,000 alikuwa akikatwa 1,700, sasa 2,750. Mwenye nacho atoe zaidi. Hapo mimi sina ugomvi.

Lakini njoo huku kwetu, kwa watu wa jua kali. Chukua mama mmoja anayeuza sukuma wiki sokoni. Simtaji jina kwa sababu ni wengi. Kiwango chake cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mtetezi ataruka hapo hapo: "Si zamani alikuwa akilipa 500? Amepunguziwa!" Ngoja kwanza, ndugu. Zile 500 alizoea kuzitoa mwezi kwa mwezi. Hizi za sasa kanuni zinazitaka za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni 3,600, na yale maswali ya paa na choo yakimkadiria juu zaidi, atatoa zaidi.

Tazama basi ulivyopinduliwa ulimwengu. Mwenye mshahara, ambaye benki inamjua kwa jina, anakatwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Anayekula akipata ndiye anayedaiwa mwaka mzima kabla hajaugua! Nani aliketi akapiga hesabu hii? Mama wa sukuma wiki ana mwaka gani mfukoni? Ana leo, na akijaaliwa, ana kesho.

Wakubwa wenyewe waliliona. Mwaka 2025 wakatuletea mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Jina tamu hilo. Ukifunua chungu, ndani kuna mkopo: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unaulipa deni kwa vipande. Yaani mtu hata homa hajashikwa, tayari anadaiwa. Oktoba mwaka huo huo Serikali ikatangaza kwamba itawalipia maskini milioni 2.2. Vyema, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini tangazo hilo ni ungamo: wanajua kwamba wapo wasioweza. Na yule mama wetu je? Ana kibanda, ana bati juu ya kichwa, ana simu. Hakufukarika kiasi cha kulipiwa, wala hakutajirika kiasi cha kulipa. Yuko katikati, kama popo, ndege si ndege, mnyama si mnyama.

Halafu tunasomewa hesabu za waliojiandikisha. Kweli, katika mwaka 2025 walipita milioni 20. Makofi! Lakini wasio na mshahara waliolipa mchango walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Kuandikwa jina si kutibiwa. Zahanati na vituo vya afya, ndiyo, vimewekewa hazina yake, na aliyejiandikisha atahudumiwa pale bila kulipa. Lakini siku ya kulazwa, siku ya kisu, siku ya kuzaa kwa shida, ndipo swali linapokuja: umelipa ya mwaka?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Kila mtu. Sikuona humo neno la choo wala la mkupuo.

Basi tudai yanayodaika. Mosi, mtu wa jua kali aruhusiwe kuchangia mwezi kwa mwezi kama mwenye mshahara, bila mkopo wa mtu yeyote. Pili, makadirio yakiwa na kosa, apate mtu wa kumsikiliza pale pale mtaani kwake, na atibiwe wakati kesi yake inatazamwa. Tatu, mtambo ukigoma, hasara iwe ya mwenye mtambo, isiwe ya aliyelala kitandani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mzungu wa kutushauri. Yanahitaji Bunge lenye masikio.

Na wewe unayesoma haya ukiwa mzima, usiseme hayakuhusu. Uzima ni wa kuazimwa. Siku utakapourudisha, utapenda upewe uji kwanza, maswali baadaye.